Siku ya Ishirini na Tisa

Muuzaji alinipa siku thelathini za kufikiri.
Leo ni ya ishirini na tisa
na bado nafikiri.

Televisheni ipo ukutani, inchi hamsini na tano,
nyembamba kama mkate wa rakhali.
Haina kosa. Inaonyesha mpira, inaonyesha Makka mubashara,
inaonyesha mvi za watangazaji, mmoja mmoja, bila huruma.

Kijana wa dukani, pale Maabela, Shibu jina lake,
alinisemesha kwa Kiarabu chake cha Kerala,
nikamjibu kwa Kiarabu changu cha Unguja,
tukamalizia kwa vidole:
mwaka mmoja ni wa kampuni, huo bure.
Riali ishirini na nne, nakuongezea mitatu.

Nikauliza, vumbi limo?
Vumbi halimo.
Umeme ukipanda na kushuka?
Haumo.
Maji je, wadi ikiingia ndani, kama mwaka ule wa Gonu,
tulipokuwa Ghubra, friji likaelea jikoni
kama ng'ombe aliyekufa?
Maji hayamo.
Mjukuu akirusha rimoti?
Akacheka. Mjukuu hayumo.
Basi kilichomo ni kipi?
Akafungua kijitabu, akapekua, akarudi nyuma, akapekua,
alitafuta kwa dhati, maskini,
hata mimi nikamwonea imani.

Miaka thelathini na nane sikulijua neno hili, waranti.
Waranti yangu ilikuwa ikilala ubavuni mwangu, ikikoroma.
Pasi ikizimika, Muhenna. Feni, Muhenna.
Redio ya mama mkwe iliyotumbukia ndooni, Muhenna.
Atatandika gazeti sakafuni, atachukua bisibisi
yenye mkono wa manjano, atapanga parafujo kwa safu,
na asisemeshwe.
Akishafunga, parafujo moja imebaki nje.
Kila mara. Na kitu kinafanya kazi.
Huitia kwenye kopo la maziwa ya unga, aniambie:
"Hii waliizidisha wenyewe kiwandani."

Binti yangu Thureya kapiga hesabu kwenye simu:
"Asilimia kumi na tano ya bei, mama!
Unawalipa kwa woga wako mwenyewe."
Kaka yake, Kahlani, kasema nunua, ulale.
Kulala nalala.
Hakuna aliyeniuliza kama silali.

Na Shibu nilimuuliza la mwisho, nikaona haya kidogo:
ikiharibika, nani anakuja?
"Fundi, mama. Ndani ya siku saba za kazi."
Mtu mzima, na begi lake?
"Na begi lake."
Atakaa chini? Atatandika gazeti?
Hapo Kiarabu chetu sote wawili kikaisha.

Asubuhi hii nimelifungua kopo.
Parafujo zimeshikana kwa kutu, ukilitikisa
zinalia pamoja, kitu kimoja kizito,
na juu yake risiti niliyoiweka siku ile.
Nikaipeleka dirishani. Wino unakwenda zake.
Tarehe imebaki nusu, bei imekuwa kivuli,
jina la duka ni herufi mbili na doa.
Mwezi haujatimia, na karatasi ya kuthibitisha
imechakaa kabla ya kinachothibitishwa.

Nimetafuta kalamu, nimevaa miwani.
Nakoleza tarakimu moja moja,
nimeuma ulimi kama mtoto wa chuoni
anayefuatisha herufi za mwalimu.
Duka linafungwa saa nne za usiku,
na kesho, inshallah, nayo ipo.
Mkono haujatulia.
Ile saba imetoka kama moja.
Naanza tena.