Firigisi

Gesi iliisha ugali ukiwa katikati,
si uji, si ugali, kitu kisicho na kabila,
na mwiko umesimama humo ukisubiri hukumu.
Saa saba na robo, Jumapili, Migosi.
Sebuleni baba mkwe wangu, Mzee Okwemba,
ameketi juu ya vitambaa nilivyofua jana.
Ametoka Emuhaya na fimbo, na dada yake,
na mkungu wa ndizi uliofungwa kwa majani yake wenyewe.

"Kuna jambo?" Osundwa ananiuliza mlangoni,
akitabasamu kwa upande unaoonekana na wageni.
"Hakuna," nasema.
Hakuna gesi. Hakuna mkaa.
Na wali niliopika uwe akiba umeshika chini.
Jungu kuu halikosi ukoko, walisema,
lakini sufuria yangu ni ndogo
na ukoko umeushinda wali.

Nikatokea mlango wa nyuma,
sufuria nimeifunga leso kama mtoto mwenye homa,
mpaka kwa Mama Adoyo anayekaanga samaki kando ya ukuta.
Hakuuliza. Aliinua karai, mafuta yakinung'unika,
akanipa moto wake na kigoda.
Nikasonga pale nje, mbele ya wateja watatu,
mmoja akinihesabia mizunguko.
Ugali ukakubali. Ulinukia moshi, na mbuta kidogo,
lakini ulisimama.

Nikadhani yamekwisha.

Maana kuku alikuwa salama: jogoo mwekundu wa Kibuye,
nilimchemsha tangu alfajiri hadi akasahau ukaidi wake.
Mzee akavuta bakuli. Akachukua kijiko.
Akageuza paja. Akageuza shingo. Akasogeza kidari pembeni.
Senje Andisi akaacha kutafuna.
Kijiko kikazunguka mchuzini
kama mtu aliyeangusha ufunguo gizani.
Ndipo tumbo likanishuka:
asubuhi, nikisafisha, kale kafuko kagumu kenye mchanga
nilimrushia paka wa jirani.

Mimi ni wa Lanet. Kwetu Nakuru
kuku alitoka kwenye friji ya duka,
uchi, bila historia.
Nani angeniambia kwamba heshima ya mwanamume mzima
hukaa ndani ya kitu kinachoenea kiganjani?

"Imondo iko wapi?" Senje akauliza, kwa sauti ya chini,
ile ya chini inayofika mbali.
Osundwa akasoma kalenda ukutani.
Ningesema paka aliiba. Nusu yake ingekuwa kweli.
"Niliitupa, Baba. Sikujua."

Mzee akaweka kijiko.
Akapangusa vidole, kimoja kimoja, bila haraka,
halafu akafungua kinywa, wazi, kama kwa daktari,
tukaona kule nyuma fizi tupu.
"Magego yalikwisha zamani," akasema.
"Miaka sita naificha kwenye hankachifu,
nampa mbwa nikifika langoni.
Kila nyumba wananitilia hiyo hiyo,
kisha wananitazama nikitafuna.
Basi nachezesha shavu."
Akachezesha shavu, tuone.

Osundwa alicheka hadi akapaliwa.
Senje hakucheka.
"Miaka sita," alisema. "Mbwa.
Na mimi hapa nina meno yote, Okwemba.
Tangu utotoni nainusa tu ikipita."

Hakuna aliyekuwa na la kujibu.
Mzee alichovya tonge mchuzini, polepole,
akasema ugali huu una moshi kama wa mama yao.
Senje akanusa hewani, akanigeukia.
"Na hicho kilichoungua huko jikoni?
Usikifiche. Kilete."

Nikaukwangua kwa kisu, nikamletea kwenye sahani ya wageni.
Akauvunja. Ukalia mdomoni mwake
kama mtu anayekanyaga changarawe,
naye akimtazama kaka yake usoni
kila alipotafuna.

Mama Adoyo nilimrudishia kigoda chake, na paja moja.
Paka alikuwa juu ya ukuta, analala.
Walipoondoka, Senje alinishika mkono pale getini.
"Mwezi wa nane tutakuja tena," alisema.
"Utachinja jogoo.
Na sasa unajua pa kuipeleka."