Kituo cha Nne

Kikaratasi changu kimeandikwa vituo vinne.
Nusu siku. Maji ya chupa yamo kwenye bei,
chakula hakimo.

Cha kwanza ni baraza ya ofisi kongwe, Malindi mjini,
chokaa inamenyuka kama ngozi iliyochomwa na jua.
"Hapa," nasema, "ndipo daftari lilipokaa.
Hawakuhesabu watu, walihesabu nyumba,
na kila nyumba rupia tatu,
mwenyewe awe na mbuzi, asiwe na hata kamba ya mbuzi."
Wageni hucheka kwenye kamba.
Nimejifunza kunyamaza kidogo hapo.

Cha pili, njia ya Jilore, pale lami inapochoka.
Wazee walitakiwa watoe vijana wa kubeba mizigo;
wakatoa kikohozi.
Hapo pia hucheka.

Cha tatu ni Sabaki, maji rangi ya chai iliyozidi maziwa.
Ng'ambo ile watu waliambiwa wahame,
waache mahindi yamesimama, waache makaburi.
Mto haukuulizwa kama unataka kuwa mpaka.
Hapa hawacheki. Hupiga picha viboko,
na viboko wasipokuwepo, hupiga picha maji.

Cha nne, mkwaju.
"Hapa," nashusha sauti, "ililia bunduki ya kwanza,
mwaka elfu moja mia tisa na kumi na nne."
Natazama matawini kana kwamba moshi bado umenasa.
Wageni nao hutazama.
Miaka sita nimewafanya watu watazame juu.

Sasa nikwambie: mkwaju ule niliuchagua mimi.
Una kivuli, na gari hugeuka bila taabu.

Akaja Nyevu Hinzano, kutoka Marafa,
malapa miguuni, bati la biskuti kwapani,
amelipa nauli kamili na hakuomba kupunguziwa.
Vituo vitatu hakusema neno.
Chini ya mkwaju akauliza, "Kwa nini hapa?"
Nikafungua mdomo, na maneno yangu yote ya kazi
yakasimama mlangoni, kila moja likimsukuma mwenzake.

"Bibi yangu," akasema, "alisema palikuwa na jua tupu."

Akatoka kivulini.
Akakatiza ufuta wa watu, mimi nyuma yake,
na wageni nyuma yangu wakijipepea kwa vikaratasi vyangu,
mpaka mahali pasipo na kitu:
nyasi, kinyesi cha mbuzi, mafiga mawili meusi.
La tatu tulilitafuta, hatukuliona.
Huenda si ya nyumba yao.
Huenda ni ya wachungaji wa juzi.
Naye alilijua hilo; hakuinama kuyagusa.

Akafungua bati.
Ndani ya leso iliyopauka, karatasi,
imekunjwa mara nyingi hata mikunjo imekuwa matundu.
Mhuri. Tarakimu tatu. Jina la babu wa bibi,
limeandikwa vibaya na mtu asiyeuliza mara mbili.

"Walilipa," akasema.
"Watu hudhani waliochomewa ni wale waliokataa.
Hawa walilipa. Paa linawaka
na hii iko pembeni mwa leso, imefungwa fundo."

Mgeni mmoja akauliza kama anaweza kuipiga picha.
Nyevu akasema hapana, kwa adabu,
akafunika bati, akalibana kwapani,
akauliza gari linarudi mjini saa ngapi.

Siku hizi kituo cha nne kiko juani.
Nawasimamisha katikati ya nyasi, nawaambia
kodi ilikuwa kiasi gani, moto ulitoka upande upi.
Wakiuliza, "Ndipo hapa vita vilipoanza?"
nasema sijui.
Wengine hunuka uso, hutafuta kofia.
Bado hajatokea aliyedai pesa zake.

Mkwaju upo palepale.
Chini yake tunakula mihogo ya nazi,
kila mtu na aliyoinunua,
na mimi nikiwa pale sisemi kitu.