Mkanda

Saa kumi na moja na nusu, Majengo bado giza,
natoa mkono wa kulia kama anayepitisha mzigo dirishani,
na Ndeshi, miaka tisa, jicho moja bado limelala,
anaupitisha mkanda kwapani, kifuani, mgongoni,
kisha krraa! sauti ile ya kubandua na kubandika
inayoamsha hata kuku wa mama Aikande.
"Tulia, mama."
Neno langu hilo. Ndilo nililomwambia yeye
kichwa chake kikiwa katikati ya magoti yangu
na kitana kimegoma nyuma ya sikio.

Miaka kumi na saba nimesuka mikono ikiwa juu.
Twende kilioni, nimesuka. Yebo yebo, nimesuka.
Rasta nyembamba za bibi harusi wa Kibosho
aliyekaa tangu chai ya asubuhi hadi taa za barabarani zikawaka,
nimezisuka zote, na bega likaanza kunung'unika
kama bawaba isiyotiwa mafuta.
Nikalichua. Nikalikanda kwa maji ya chumvi.
Nikaliombea Jumapili. Jumatatu likanyamaza,
Jumanne likadai deni lote.

Fundi wa kule KCMC, kijana mpole, kucha safi,
alinipima kwa tepu kama anayenishonea gauni.
"Hautakuponya, dada. Utakushikilia tu."
Nilitaka kulia, nikacheka.
Tangu Elirehema ahamie Tunduma
nani mwingine amewahi kuniahidi hata hilo?
Bei yake, vichwa vinne vya rasta.

Mwanzoni niliuficha chini ya kitenge.
Wakauona. "Umevunjika?"
"Umepigwa?" Hili la pili huulizwa chinichini,
macho yakiwa kwenye kioo.
Ukikazwa mno, vidole vinakufa ganzi.
Ukilegea, ni pambo.
Pa katikati ni padogo kama njia kati ya mistari ya nywele,
na Ndeshi anapajua kwa kidole.

Siku hizi mteja anakaa kigodani, si kitini.
Mkono wangu haupiti usawa wa kidevu.
Kila mistari minne nakunywa chai,
na asiye na subira namwelekeza kwa Manka, mlango wa tatu.
Tuseme ukweli, wateja wamepungua.
Tuseme na hili: jana mkono ulifika kichwani kwangu mwenyewe,
mara ya kwanza tangu masika ya mwaka jana.
Nikagusa utosi. Nikakuta vumbi,
na mvi ambazo sikuwa na habari nazo.

Jioni naufua kwa sabuni ya mche, nauanika kambani.
Haunyooki. Unaning'inia umejikunja,
bega langu, bila mimi.
"Usiuache nje," anasema mama Aikande, "wataiba."
Nani aibe? Labda mwenzangu.
Basi ukimwona, usipige yowe.
Mwambie tu huwezi kuufunga peke yako,
atafute mtu.