Mayai Mengi, Maji Mengi

Thuraiya ana miaka tisa na mtihani Jumapili.
Kalifungua daftari katikati ya vitunguu vyangu,
kaugawa ukurasa kwa mstari:
kushoto vinavyohesabika, kulia visivyohesabika.
"Siwema, leo wewe ndiye mwanafunzi."
Sawa, mwalimu. Mikono ina unga,
masikio ni yako.

Yai. Anaandika kushoto. Egi moja, egi mbili.
Kitunguu, kushoto. Ndimu, kushoto,
hata ile kavu nyeusi ya kutia kwenye mchuzi,
nyepesi utadhani imekufa kwa kiu.
Maji?
Nami mbio: kushoto! Mayai mengi, maji mengi,
kwetu wanakaa ngeli moja, wanakula sinia moja.
Anatikisa kichwa, misuko yake miwili inanicheka.
Mayai ni meni. Maji ni mach.
Mach, Siwema, si Machi,
si mwezi wa mvua za kwenu.

Na mchele?
Raisi, anasema.
Nikauacha mwiko. Rais amefuata nini sufuriani mwangu?
Kacheka mpaka penseli ikadumbukia kwenye bizari.
Raisi ikiwa shambani, raisi ikiwa guniani,
raisi ikiwa imeiva na mvuke unapanda.
Mpunga, mchele, wali:
majina matatu nimetoka nayo Muheza,
nikayarudisha mfukoni.

Mkate nao, anasema, upande wa kulia.
Mkate huu ninaoukata mwenyewe,
vipande kumi na vinne kila alfajiri?
Bibi Salma akadakia kutoka chumbani,
kwa Kiswahili chake cha Unguja kisichozeeka:
"Mkate wa nani hauhesabiki?
Jana imebaki mitatu, leo naona mmoja!"
Hatukumjibu.
Thuraiya kahamia haraka kwenye sukari.

Kuna kanuni, anasema:
kisichohesabika kitafutie chombo.
Kikombe cha sukari. Kijiko cha chumvi. Chupa ya siki.
Hiyo nimeielewa bila kuandika.
Mama alipima mchele kwa kibaba chenye kutu,
akasawazisha juu kwa kiganja, taratibu,
punje zilizozidi zikarudi mtungini.
Tulikuwa watoto saba.

Pesa je, nikauliza, ziko upande gani?
"Kulia."
Nikarudia swali, pengine hakunisikia,
feni la jikoni hapa Ibra lina kelele za trekta.
"Kulia, Siwema. Mani ni mach."
Na mimi nazihesabu kila tarehe ishirini na nane,
riali themanini, noti kwa noti, juu ya godoro,
mlango nimeurudisha:
hizi za ada ya Mbaruku, hizi za bati,
hizi za deni ambalo mwenyewe alishakufa
na wanawe wamelirithi.
Aliyeandika kitabu hicho
hajawahi kupungukiwa riali moja.

Zikabaki tende.
Kanisukumia sahani ya khalasi. Hesabu kwa Kiingereza.
Wani deti. Tu deti.
"Detis," ananisahihisha,
"usimsahau nyoka wa mwisho."
Nikafika tisa, nyoka wote mahali pao.
Akafunua ukurasa wa pili, picha ya kalenda,
akagusa mraba mmoja kwa kidole chenye utomvu wa tende:
hii nayo ni deti.
Tunda na tarehe, jina moja?
Nikamtazama kama ananitania.
Hatanii.

Deti yangu mimi iko kwenye kabati la baba yake,
ndani ya bahasha, chini ya muhuri wa bluu:
Novemba, siku ya kumi na tisa.
Nikala tende moja. Laini, tamu mpaka inakera.
Kokwa nikaiweka ukingoni mwa sahani.
"Na kokwa, mwalimu? Kushoto au kulia?"
Anakusanya penseli, anapuliza bizari kwenye karatasi.
"Kokwa haimo kwenye mtihani."