Mizani ya Mwaloni

Kirumba, magunia ya dagaa yanapimwa
na Bugumba ameshaanza:
"Lushinge angemmaliza Ndalahwa raundi ya nne!"
"Ndalahwa yupi? Huyu huyu wa mkono wa kushoto?
Kaka, Lushinge wako angezolewa kwa kijiko."

Hawakuwahi kukutana. Mmoja alizikwa Magu
mwaka ambao mwenzake alivaa glovu za kwanza,
lakini hapa wanatwangana tangu juzi
juu ya turubai lenye mchanga,
na refa ni Nyanzala, muuza chai:
atakayetukana mama wa mtu analipia vikombe vyote.

"Muulizeni Malale."

Malale wa mizani alipigwa na wote wawili,
na Lushinge, ndevu hazijaota,
na Ndalahwa, alipokuwa anatafuta ada ya mtoto.

Akaweka jiwe la kilo tano. Akafikiri.
"Ngumi ya Lushinge niliisikia palepale.
Ya Ndalahwa naisikia sasa,
wingu likisimama upande wa Ukerewe."

Kimya. Chai ikamiminwa.

"Mmesikia? Palepale!"
"Mmesikia? Mpaka leo!"

Malale akageuza sikio lake zima:
"Gunia hili la nani?"