Mizani ya Muhoroni

Trekta ya Wekhuyo ilipanda mizani, miwa imefungwa minyororo,
skrini ikaandika: sifuri.

Usiku tulikuwa tumeipanua saa ya mtambo,
biti thelathini na mbili zikawa sitini na nne.
Programu ya marehemu Olweny haikuambiwa.
Ilisoma palepale ilipozoea kukuta uzito,
ikakuta nusu ya pili ya wakati,
tupu.

Msimbo alikwenda nao.
Nani atamfundisha marehemu kuhesabu upya?

Basi sikuigusa.
Jina la zamani nikaliachia kipimo chake,
upana mpya nikaupa jina lingine,
katikati nikaweka mkalimani mwembamba.

Jua likizama, mzigo uleule ukapanda tena.
Tani kumi.
Wekhuyo akavunja muwa, akaunusa.
"Asubuhi," akasema, "ulikuwa bado na maji."