Kiambishi

Mvua ya Tukuyu haibishi hodi.
Ilipiga bati la darasa la wachungaji
siku Mwalimu Asangalwisye alipotusimulia patriaki wa kale,
mzee wa miaka themanini, miguu imevimba,
mji wake umezingirwa, ngano imekwisha ghalani,
na bado Kaisari anamletea barua yenye lakiri:
Sema Kristo alikuwa na utashi mmoja. Tia sahihi.
Dola inapasuka, nahitaji gundi.

Patriaki akachovya kalamu. Akaitazama.
Akaifuta kwa upindo wa kanzu.

Tulicheka. Ugomvi wote huo kwa neno moja?
Mwalimu aliandika ubaoni ombi la usiku wa bustanini,
akapigia mstari vitu viwili, vidogo kama chawa:
ni- ya nitakavyo,
u- ya utakavyo.
"Ing'oeni hiyo ni," alisema, "kisha mniambie
aliyetoka jasho pale alikuwa nani.
Asiyeweza kukataa
amekubali nini?"

Kengele ya uji ikalia. Tukatoka mbio.

Miaka kumi na tisa baadaye usharika wetu uligawanyika
kwa jambo ninaloona haya kulieleza:
maji kiasi gani, ya mtoni au ya beseni.
Makufuli mawili, mlango mmoja.
Mwanakwaya akapasuliwa nyusi kwa kiti cha harusi.
Ukaja waraka wenye mihuri, nafasi za majina kumi na manne,
kwa ajili ya umoja.
Jina la kumi na mbili ni langu.
Nafasi ya kumi na tatu ni nyeupe mpaka leo.

Walimvua joho, wakamtoa nyumba ya kanisa.

Juzi nimemkuta Isyonje, baridi inakata masikio,
anapanga viazi kwenye ndoo,
vikubwa juu, vidogo chini, kama wauzaji wote.
Nilishusha kioo nimwombe radhi.
Nikauliza bei.
Alinipimia, akaongeza viwili.
"Ule waraka ulisainiwa tu, Mwalimu," nikasema. "Kwa ajili ya amani."
Akapuliza viganja.
"Ulisainiwa," alirudia, kama anayesahihisha daftari.
"Mtenda yuko wapi?"

Lori la ndizi likanipigia honi. Nikaondoka.
Mpaka Uyole viazi viligongana kwenye buti,
nami kwenye ukungu, vioo vimefungwa,
nikilijaribu neno moja mdomoni,
linakwama kwenye silabi ya kwanza.